Kwa Nini Nilitaja Kopa

Kaka Muthama,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa chini, maana barua hii ni ndefu kidogo. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichokuwa kinanisumbua kimetulia, na hii baridi niliyokuwa nakulilia kwa simu sasa tumezoeana. Goti la mama yetu Mwaitu linaendeleaje? Usinijibu eti liko sawa, kwa sababu wewe hata nyumba ikiungua utasema iko sawa. Niambie kama anapanda ule mteremko wa kanisani peke yake au anashikwa mkono. Na ule mtaro wa shamba la juu uliobomolewa na mvua, mliujenga ama bado mnauangalia tu? Mbaazi zilishika? Dada yetu wa Kathonzweni aliniambia ndengu zake zimemea vizuri, halafu akanyamaza, na yeye akinyamaza hivyo najua kuna wadudu.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako unaiweka spika. Siku ile uliponiuliza kama ni kweli nacheza karata, nilimsikia Mwaitu akikohoa, na nyuma ya Mwaitu nikasikia mtu mwingine akisema "Haiya" pole pole, na huyo hakuwa mtu wa nyumba yetu. Ndiyo maana nilisema network ni mbaya. Network haikuwa mbaya. Barua hii inakuja na msichana mmoja wa kule Tulia tunayefanya kazi naye, anaenda likizo, na ameahidi kuifikisha dukani kwako hata kama ni kuzunguka. Isome kwanza wewe mwenyewe, halafu umsomee Mwaitu zile sehemu utakazoona zinafaa.

Jibu fupi ni hili: nilikuwa nacheza, na sasa sichezi. Ukitaka kuishia hapo, ukawaambie akina mama wa kanisa kwamba mambo yamekwisha, ishia hapo. Lakini sikuacha kwa ajili ya ile picha yangu na karata mkononi waliyoiona kwa simu ya nani sijui, na samahani, sikuacha kwa ajili yako pia. Ukitaka kujua ilivyokuwa, endelea kusoma.

Yule mama ninayemtunza anaitwa Audrey. Huku mzee anaitwa jina lake hivyo hivyo, hata na mtoto wa jirani, na mimi mdomo wangu ulikataa kabisa. Nikamwuliza kama naweza kumwita Susu, vile tulivyomwita mama yake baba. Akauliza maana yake, nikamwambia, akasema ni afadhali hilo kuliko yale majina ya watoto wanayomwitia watu wa ofisi iliyoniajiri. Ninaishi naye. Napika, namwosha, nampa dawa, nalala chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Lakini kazi yenyewe hasa ni kumjua. Kabla hajasema ana kiu, nimeshaona. Akianza kusugua kidole gumba juu ya kitambaa cha meza, ujue amepotea kidogo, anatafuta neno au siku au jina la mtu, na mimi namsogezea lile jambo bila kumwonyesha kwamba nimemsogezea. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa, na ninaiweza.

Susu amecheza mchezo wa karata unaoitwa briji tangu akiwa msichana. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana alikuwa anaenda kwenye klabu yao, ukumbi mdogo nyuma ya maktaba. Mchezo huo ni wa wawili dhidi ya wawili, na mwenzake mezani alikuwa mumewe. Mumewe alifariki kabla mimi sijaja, na pale ukikosa mwenzi umekosa kiti. Akakaa nyumbani muda mrefu akiangalia dirisha. Siku moja nikimkata kucha akanitazama kwa makini, akaniuliza kama najua kuhesabu hadi kumi na tatu.

Najua sasa hivi unawaona wale wanaume wa nyuma ya bucha pale Kikima, wanaouza hata jembe la bibi ili warudi mezani. Nami niliwafikiria hao hao. Hakuna pesa, Kaka. Hakuna hata peremende. Kuna chai, biskuti, na wazee wenye vifaa vya masikio wanaoulizana "umesema nini?"

Wacha nikueleze, maana bila hii hutaelewa yaliyotokea. Kila mtu anapewa karata kumi na tatu. Kabla ya kucheza kuna mnada. Ni kama mnada wa mbuzi siku ya soko, kila mtu akitaja juu ya mwenzake mpaka wengine washindwe, ila hapa hutaji pesa, unataja kazi. Unasema upande wetu utakula mizunguko kadhaa na turufu, ile aina ya karata inayozishinda nyingine, iwe kopa, ama uru, ama maua, ama shupaza. Aliyetaja juu zaidi ndiye anapewa ile kazi, na akishindwa kuimaliza anakatwa alama. Mwenzako ameketi mbele yako, huoni karata zake, na huruhusiwi kumwuliza kitu. Hakuna kuongea, hakuna kukonyeza. Kila mmoja ana kisanduku cha vikadi, na unachotaja unakitoa kikadi chake unakiweka mezani. Kama huna la kutaja, unatoa kikadi cha kijani, maana yake umepita.

Sasa kwa sababu maneno ni machache, wenzi hukubaliana mapema kwamba kutaja kitu fulani kutakuwa na maana fulani, hasa pale wapinzani wameshaingia kwenye mnada na nafasi imebana. Lakini makubaliano hayo hayafichwi. Hapo usikie vizuri, wewe uliyesema ni mambo ya gizani. Mpinzani ana haki ya kuuliza, na anayejibu si yule aliyetaja, ni mwenzake. Unaeleza yote mliyokubaliana. Ukificha, au ukisoma uso wa mwenzako badala ya vikadi vyake, umeiba.

Alinifundisha jikoni, karata kwenye sinia, mimi nikimenya viazi. Nikashika. Na Jumatano yangu ya kwanza nikaharibu, na nikikueleza nilivyoharibu utanielewa kuliko wote. Mpinzani alitaja kopa moja. Susu akataja kopa mbili. Kwa makubaliano yetu, ukitaja kitu kile kile alichotaja mpinzani, hukitaki hicho kitu. Unasema una shupaza nyingi na nyingine nyingi za uru au maua, na mwenzako achague. Nilikuwa na shupaza nzuri. Nilijua nitaje shupaza. Lakini mzee alikuwa ameshataja, na mimi nimelelewa nyumba moja na wewe: mzee akitaja jambo, mdogo hafungui mdomo kutaja lingine juu yake. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kikadi cha kijani. Nikapita. Wote wakapita. Susu akaachwa acheze turufu ikiwa kopa, na yeye alikuwa na kopa moja.

Tulichapwa vibaya. Alicheka mpaka kile kifaa cha sikioni kikapiga mluzi. Halafu akafuta macho akaniambia, "Mwende, mimi sikukuambia unyamaze. Nilikuwa nakuuliza." Nimekaa nchi hii na ofisi nyingi, na huyo ndiye mtu wa kwanza mkubwa kwangu aliyeniambia ananiuliza.

Baada ya hapo tulienda vizuri. Hatukuwa wa kwanza, hatukuwa wa mwisho. Jumatano ikawa siku yetu. Alikuwa anavaa ile broshi yake ya bluu tangu asubuhi.

Halafu akaanza kusahau makubaliano. Ya juzi ndiyo yalitangulia kumtoka, ya ujanani yakabaki. Kuna kikadi chekundu kinaitwa dabo. Zamani Susu akiwa msichana, mwenzako akifungua mnada na mpinzani akaingilia, ukitoa dabo ulikuwa unamwambia mpinzani: umekosea njia, tutakuadhibu, na adhabu iongezwe. Siku hizi, na hivi ndivyo yeye mwenyewe alivyonifundisha, dabo hiyo hiyo inamwambia mwenzako: nina kopa lakini nimekosa nafasi ya kuzitaja. Sasa mtu ananiuliza dabo ya Susu ina maana gani, naeleza kopa, halafu karata zikifunguliwa hana kopa hata za kuonyesha mtoto. Mara moja watu wanasema bahati mbaya. Ikirudiarudia, wanaanza kukuangalia kama waongo, na sitawalaumu.

Mwenyekiti wa klabu, mzee mrefu mwenye adabu nyingi, akampigia simu Helen, binti ya Susu. Helen akaja Jumapili. Wakakubaliana tupewe Jumatano moja zaidi. Maelezo yangu na karata za Susu zikipishana tena, kiti chake kinapewa mtu mwingine. Susu aliambiwa haya usoni, akaitika kwa kichwa kana kwamba wanamwambia bei ya maziwa. Helen alipoondoka, Susu akanifuata jikoni, akashika mgongo wa kiti.

"Nikitolewa pale," akasema, "sina mahali pengine ninapoitwa jina langu bila mtu kunipima presha."

Tulifanya mazoezi wiki nzima. Asubuhi akinywa uji, jioni akiwa ameweka miguu kwenye maji. Namwuliza: nimefungua, wameingilia, umetoa dabo, maana yake? Kopa, anasema. Hakukosa hata mara moja. Mimi nilianza kuamini, na niliomba pia, Kaka. Niliomba juu ya karata. Hiyo usimsomee Mwaitu.

Jumatano ikafika. Mpaka wakati wa chai tulikuwa sawa kabisa, na mwenyekiti alipita akatabasamu. Baada ya chai Susu alichoka, nilimwona mabega. Nikapewa karata zangu: uru tano, kopa nne, maua kidogo, shupaza moja tu. Nikafungua kwa uru moja. Mwanamke wa kushoto kwangu akaingilia kwa shupaza moja. Susu akatoa kile kikadi chekundu, dabo, akakiweka chini kwa kishindo. Na kidole gumba kikaanza kusugua kitambaa.

Nikajua papo hapo. Amerudi ujanani. Amejaa shupaza na anataka kuwaadhibu. Nikitoa tu kikadi cha kijani, nikapita, yule mwanamke anabaki na ile shupaza yake na anaanguka vibaya. Alama zinakuja kwetu, hakuna atakayeona kosa, na Jumatano ijayo Susu anavaa broshi yake. Karata zangu zilisema kopa. Makubaliano yalisema kopa. Kilichosema nipite ni kidole gumba peke yake.

Mwanaume wa kulia kwangu akaniuliza kwa upole dabo hiyo ina maana gani. Nikajibu kama tulivyokubaliana, kwamba mwenzangu anaonyesha kopa nne au zaidi. Kidole cha Susu kikasimama. Yule mwanaume akapita, ikawa zamu yangu.

Niliuchukia ule mchezo wakati huo, nakuambia ukweli. Wiki nzima nalipwa kukiona kile kidole na kufanya linalofaa kabla hajaaibika. Hapo mezani kukiona ni wizi. Nilikaa mpaka yule mwanaume akajikohoza. Nilimwonea huruma Susu na nikajionea huruma mimi pia. Halafu nikataja kopa mbili.

Sasa sikiliza alichofanya Susu. Alikuwa amesikia maelezo yangu, kwa hivyo alishajua amesahau. Bado nafasi ilikuwepo: angerudi kwenye zile uru zangu, tukatoka na aibu ndogo. Lakini kile alichokisikia kutoka kinywani mwangu hakuruhusiwa kukitumia. Sheria inataka acheze kana kwamba hakusikia. Aliangalia karata zake, akaziangalia tena, akatoa kikadi cha kijani. Akapita. Alikuwa na kopa mbili tu, za chini kabisa, na sisi ndio tukaachiwa kazi.

Tulivyoanguka nakuachia ukisie. Karata zilipofunguliwa yule mwanamke aliona shupaza za Susu, akaniangalia, akainamisha macho. Mwenyekiti aliitwa. Kabla hajauliza chochote Susu akamwambia, "Mwenzangu ameeleza sawa. Aliyesahau ni mimi." Mwenyekiti akasema polepole kwamba anakaribishwa wakati wowote, aje anywe chai na kutazama wengine wakicheza. Susu akajibu kwamba chai anayo nyumbani. Tukamaliza meza zilizobaki, kwa sababu kuondoka katikati ni kuwaharibia wengine, na hakukosea tena hata kidogo.

Tulirudi kwa miguu, si mbali. Nilimshika mkono, na njia nzima nilikuwa najiambia nimemuuza huyu mama kwa ajili ya kopa nne. Tulipofika kwenye kona ya duka la dawa akaniuliza kama niliona amesahau. Nikasema niliona. Akauliza, kabla ya kutaja au baadaye? Nikasema kabla. Akatembea kidogo.

"Ungepita," akasema, "ningerudi wiki ijayo nikidhani ni mimi niliyeshinda."

Halafu akasema tufanye makubaliano mengine, mimi na yeye. Akiniuliza kitu, nimwambie kilivyo. Helen atamficha kwa upendo, ofisi watamficha kwa sababu wamefundishwa hivyo, lakini mimi nisimfiche. Nikakubali. Nilikubali haraka, hata sikufikiria, kwa sababu nilikuwa nimefurahi tu kwamba hajakasirika.

Ndiyo hivyo nilivyoacha karata, Kaka. Kama kuna mama wa kanisa anataka ushuhuda, mpe huo.

Kabla sijasahau salamu: msalimie Mwaitu, umwambie lile shuka la sufu ni la kujifunika, si la kuweka kabatini likingoja wageni. Msalimie mke wako na umshukuru kwa kunilelea Mumo, na mwanangu Mumo mwambie nimeona ile ripoti ya shule na tutaongea. Msalimie dada yetu wa Kathonzweni, aseme tu kama ni wadudu. Msalimie pia yule jirani wa "Haiya", yeye anajijua.

Na nimalizie ya Susu, maana hayajaisha. Jumatano iliyofuata alivaa broshi na koti, akasimama mlangoni akaniuliza tunaondoka saa ngapi. Nikamwambia ilivyo. Alilipokea kama jambo jipya kabisa, akakaa kwenye ngazi, akalia. Wiki iliyofuata tena vile vile. Nikampigia Helen simu, na Helen akasema hakuna haja ya kumuumiza mtu kila wiki, nimwambie klabu imefungwa. Ofisini wakasema hivyo hivyo. Na mimi nilikuwa nimechoka kumwona kwenye ile ngazi.

Kwa hivyo juzi, Jumatano, alipokuja na koti lake nikamwambia klabu imefungwa leo, wanapaka rangi. Hata ile rangi niliiongeza mwenyewe, hakuna aliyenituma. Alibaki amesimama. Kidole kikasugua mkono wa koti, kikasugua, kikaacha.

"Mwende," akasema, "hayo siyo tuliyokubaliana."

Sijui hilo lilibakije kichwani mwake wakati mengine yote yametoka. Nikamkalisha, nikakaa karibu naye kwenye ile ngazi, nikamweleza tangu mwanzo: dabo yake, kopa yangu, mwenyekiti, kiti kupewa mtu mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho na safari hii hakulia. Akauliza jambo moja tu, kwamba yeye alisema nini walipomwita mwenyekiti. Nikamwambia: ulisema mwenzako ameeleza sawa, aliyesahau ni wewe.

"Basi nilitoka vizuri," akasema, akanipa mkono wa koti nimvue.

Ni mimi dada yako,
Mwende